Nyekundu ni ya Laptopu

Nyumbani kwetu mtangazaji wa habari za teknolojia ni mimi, niombwe nisiombwe. Umoja wa Ulaya ulipopitisha kwamba kuanzia tarehe 28 Desemba 2024 kila simu mpya inayouzwa huko lazima iwe na tundu la Type-C, mke wangu alizipata habari hizo kabla hajameza hata chai. Akaniuliza sisi wa Tabata zinatuhusu nini. Nikamweleza kwamba simu za Kariakoo zinatoka viwanda vilevile, na kwamba hata Apple, waliolikumbatia tundu lao tangu 2012, walishasalimu amri Septemba 2023 walipotoa iPhone 15. Waya mmoja, vifaa vyote! Nikaahidi kwamba ile droo ya chini ya televisheni, yenye chaja za pini ndogo za tangu enzi za Nokia, itapata kazi nyingine.

Droo ilijaa zaidi.

Shemeji alikuja Jumamosi na simu iliyojaa video za send-off ya binti yake, akitaka tuzihamishie kwenye laptopu. Nikatoa waya wa Type-C, nikachomeka kwa madaha. Simu ikaanza kula chaji vizuri tu, lakini laptopu ikakaa kimya kama vile hakuna kilichochomekwa. Nikageuza waya, nikazima, nikawasha.

"Shemeji, si ulisema siku hizi waya ni mmoja?"

Waya ule ulikuja na mashine ya kunyolea. Ndani yake zimo nyuzi za umeme tu. Za kupitisha data mwenye kiwanda hakuziweka, kwani ndevu hazina faili. Nikaleta mwingine. Huo ulikubali, ila video zilihama polepole mpaka pilau likaiva, likaliwa, na sufuria zikaoshwa. Nikaona nimfariji shemeji kwa kumwambia kwamba hata iPhone 15 Pro, inayoweza kusukuma gigabiti 10 kwa sekunde, iliwekewa kwenye boksi waya wa megabiti 480, yaani kasi ya USB 2.0 iliyotoka mwaka 2000. Hakufarijika.

Kisha kuna taa ya chaji niliyoinunua Mtaa wa Aggrey kwa ajili ya siku umeme ukikatika. Ina tundu la Type-C, safi kabisa, ila ukiipa chaja mpya ya Type-C inagoma. Ipe chaja kuukuu yenye tundu bapa, inawaka. Hapa nina hasira ya kitaalamu kidogo, mnivumilie. Chaja mpya haimwagi umeme ovyo: inabisha hodi kwanza, na ndani ya kifaa rezista mbili ndogo ndizo zinazoitikia "karibu". Aliyeitengeneza taa yangu alizibania hizo rezista, vitu vya bei ya kutupa, kwa hiyo chaja inabisha hodi usiku kucha na sisi tumekaa gizani.

Sheria imesawazisha tundu. Waya ulio nyuma yake kila mtu na lake. Tangu 2021 Type-C inaruhusiwa kubeba hadi wati 240, lakini waya usio na kachipu kake ndani haupaswi kuvuka 60, na kwa macho nyaya zote ni pacha. Wenye kiwango nao ndio hao walioichukua USB 3.0, wakaiita 3.1 Gen 1, halafu 3.2 Gen 1, kasi ikiwa ileile.

Aliyetuokoa ni mke wangu, kwa rangi ya kucha. Kila waya alioukuta unafanya kazi fulani aliupaka kichwani: nyekundu ni ya laptopu, pinki ni ya kuhamisha picha, ya fedha ni ya chaji tu, na usiopakwa ni wa mashine ya kunyolea, usiguswe. Hakusoma ukurasa hata mmoja wa kiwango chochote. Mfumo umeshika hadi kwa majirani, juzi kijana wa nyumba ya pili alibisha mlango akiomba "ile nyekundu, anti, dakika kumi tu."

Tatizo ni kwamba chupa ya nyekundu imeisha, na dukani amepata ya maruni. Waya mpya kaupaka maruni. Sasa tumekaa sebuleni tunabishana: maruni ni nyekundu ileile, au ni toleo jipya?