Yadi Nane na Mabizimu Matatu

Kilti, vazi la kiunoni la wanaume wa Uskoti, huificha thamani yake mgongoni. Mbele ni kipande bapa cha kupigia picha. Pesa yako yote iko nyuma, kwenye marinda (watu wa mjini, tuheshimiane), mahali ambapo mwenye nguo hawezi kupaona hata ajipinde vipi mbele ya kioo. Ndiyo maana wageni wengi Uskoti huuziwa takataka na bado wakatoka dukani wakitabasamu.

Mimi ni mtu wa Tanga niliyehamia Glasgow. Nguo ya kufunga kiunoni hainitishi. Nimekulia ndani ya msuli, na magoti yangu yamezoea hewa. Basi mwenzangu wa kazini aliponipa kadi ya harusi na kunidokeza kwamba wanaume wote watavaa kilti, kilichonitoa jasho kilikuwa bei. Kilti ya sufu iliyoshonwa kwa mkono kwa vipimo vyako hula mamia ya pauni, na hapo bado hujanunua kimkoba cha ngozi kinachoning'inia mbele, soksi za kufika chini ya goti, viatu vya kamba ndefu, wala koti. Mfalme George IV alipozuru Edinburgh mwaka 1822 alijipamba kwa vazi la Kiskoti lililogharimu zaidi ya pauni 1,300 za wakati ule, akalivalia taiti za rangi ya waridi, na wachora vikatuni wakapata riziki. Kwa hiyo hata pesa si kinga.

Rafiki yangu Mkenya, tunayeishi naye nyumba moja, alishapita njia ya mkato. Maduka ya watalii huuza kilti za akriliki kwa bei ya chakula cha jioni, na yake badala ya kanda za ngozi na mabizimu ilikuwa na velkro. Harusi aliyoivalia ilikuwa kanisani. Waumini wakisimama, hakuna neno. Wakiketi, tumbo lake linajaa kidogo, na velkro inaachia: krrraa! Anaibana tena. Kasisi anasema tuinamishe vichwa, kanisa zima kimya, krrraa! Watoto wa kiti cha mbele waliacha kabisa kumtazama bibi harusi. Jioni ukaja mchezo wao wa Strip the Willow, ambao watu hushikana mikono na kuzungushana kwa kasi kutoka mwanzo wa mstari hadi mwisho. Alipofika katikati ya mstari, yeye alikuwa anazunguka kulia na kilti inazunguka kushoto. Aliidaka ikiwa imefika magotini, na shangazi wa bwana harusi akampigia makofi.

"Ile ilikuwa kitambaa cha meza," aliniambia. "Wewe kodi tu."

Kukodi kunafaa kwa harusi moja. Lakini Waskoti wakishakuzoea wanakualika kila mahali: ndoa, mahafali, usiku wa Robert Burns kila tarehe 25 Januari. Ukikodi kila mara, haupiti muda mrefu umeshailipia kilti inayolala kwenye kabati la mtu mwingine. Uchochoro uko hapo hapo, hata hivyo. Wanaokodisha huuza akiba yao ya zamani kwa bei ya kutupa, na wajukuu huuza kilti za babu zao. Vazi hili ni la sufu nzito, halichakai upesi, na kanda zake hushonolewa na kusogezwa kadiri kiuno kinavyobadili msimamo. Kwa mtu aliyekulia kwenye mitumba, habari hii ni ya kheri.

Nikaenda kwenye kiduka cha namna hiyo. Mzee mwenye duka, futikamba shingoni, akaniuliza ukoo wangu, kwa sababu nyingi kati ya tartani, yaani vitambaa vya miraba vya kilti, zina majina ya koo.

"Mbondei," nikasema.

Hakucheka. Alipita rafu moja baada ya nyingine akilitamka taratibu, kana kwamba Wabondei wako mahali fulani kati ya MacDonald na Murray. Mwishowe akaniambia nisijali. Ukiacha tartani ya Balmoral, ambayo kwa desturi ni ya familia ya kifalme, hakuna wa kukukataza uvae ipi. Akanipendekezea Black Watch, ya buluu iliyokolea na kijani, inayomfaa mtu asiyetaka kuulizwa maswali ya nasaba ukumbini.

Kupima ndiko kulikonitia aibu. Ukimtajia kipimo cha suruali yako ya jinzi, hasikii, kwa kuwa suruali huvaliwa chini ya tumbo na kilti huvaliwa kwenye kitovu, na kati ya sehemu hizo mbili kuna siri za mtu. Kisha akanitaka nipige magoti. Ndicho kipimo cha zamani: ukipiga magoti ukiwa wima, ukingo wa kilti uguse sakafu kwa mbali, yaani ukisimama uishie kwenye goti. Mteja aliyefungua mlango wakati huo alituona, mimi magotini na mzee ameinama juu yangu, akaurudisha mlango polepole kama aliyekuta watu kwenye ibada.

Palikuwa na tatu zinazonitosha, na kwenye kioo zote zilikuwa sawa. Nikafanya jambo ambalo mwanamume wa makamo hapaswi kulitangaza: nikampigia mama simu ya video. Mama ni fundi cherehani. Nusu ya wasichana wa mtaa wetu walisoma wakiwa ndani ya marinda aliyoyapiga yeye.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Mbona umevaa sketi ya shule?"

Nikamweleza. Akakaa kimya kidogo, akahesabu hasara yake kama mzazi, kisha ufundi ukamshinda.

"Geuka. Sogeza simu. Hiyo vua, mirabaraba yake haikutani."

Akawa ameshaona ambalo nisingeliona milele. Kwenye kilti nzuri, kitambaa hukunjwa rinda juu ya rinda hivi kwamba michoro ya tartani inaendelea mgongoni kama haijakatwa. Ya pili akaikataa kwa wepesi wake. Ya tatu ilikuwa ya yadi nane, sufu ya aunsi 16 kwa yadi; mzee alipoyainua marinda na kuyaachia, yalirudi mahali pake yenyewe.

"Nionyeshe ndani." Nikamwonyesha turubai ngumu ya kiunoni na bitana. "Haya. Chini."

Nikashusha simu, naye akapiga kelele. "Hawajakunja pindo! Baba, wanakuibia!"

Mzee akauliza mama anasemaje. Nikatafsiri kwa adabu zaidi. Akafurahi, akavaa miwani, akaanza kumweleza mwanamke aliyeko Tanga, kwa sauti ya juu ili Kiingereza kivuke bahari, kwamba ukingo ule umefumwa hivyo kiwandani makusudi. Ukiukunja na kuushona, kila rinda linanenepa chini na kilti haianguki sawasawa. Pindo la cherehani, akasema, ndiyo dalili ya kilti ya bei rahisi.

Mama aliutazama ukingo ule kwa muda. "Hm," akasema. "Hawa wanajua kushona." Sijawahi kumsikia akimsifu fundi mwingine, aliye hai.

Halafu akaona tundu la nondo chini ya kanda ya kushoto, dogo kama punje ya ulezi, nami nikaamrishwa nitangaze tundu hilo mpaka bei iteremke. Iliteremka mara mbili. Mzee, kwa kulipiza, akanionya kuhusu pini kubwa ya mapambo: ipenye kipande cha juu tu, kwani ukivishona pamoja vipande vyote viwili vya mbele, cha juu na cha chini yake, siku utakayochutama utasikia mpasuko.

Siku ya harusi upepo wa Glasgow ulikuja wakati wa picha, nje, bila taarifa. Wenye kilti nyepesi walishika mapaja kwa mikono miwili, na bwana mmoja mnene aliigeukia kamera akatoa burudani ambayo familia ile itaizungumzia kwa miaka. Zangu aunsi 16 hazikutikisika. Rafiki yangu, safari hii ndani ya ya kukodi yenye mabizimu, alinipiga picha nyingi kwa mzaha.

Nikamtumia mama ile bora zaidi, nimesimama wima, kidevu juu.

"Uso wako naujua," akajibu. "Nitumie ya nyuma."

Nikamtumia. Ujumbe wa sauti ulifika kabla hatujakata keki.

"Rinda la kulia limelala vibaya. Ulikaaje?"