Huko Tuna Nani?

Mama yangu alifundisha historia katika shule za sekondari za Dodoma mpaka serikali ikamwambia inatosha, na tangu siku hiyo anahangaika kutafuta kitu cha kusahihisha. Amesahihisha kadi za harusi, matangazo ya kanisani na maandishi ya nyuma ya daladala. Kwa hiyo nilipompigia simu mwezi wa Mei kumwambia kwamba Julai nina likizo, kwamba mwaka huu sitaki kuimalizia kitandani kwangu Tabata, na kwamba mimi na yeye tutakwenda kupumzika mahali, wawili tu, alinyamaza kidogo. Kisha akauliza nani anaumwa.

Akina mama wa rika lake hawafungi mizigo hivi hivi. Mtu anasafiri kwa sababu kuna msiba, harusi, mgonjwa au mjukuu aliyezaliwa. Tulipokuwa wadogo likizo ya katikati ya mwaka ilikuwa na maana moja tu: kwenda kwa babu kupura uwele. Tukirudi shule na malengelenge mikononi tunaambiwa tuandike insha, "Likizo Yangu", nasi tunaapa kwa maandishi kwamba tulifurahi sana. Leo binti yuleyule, mtu mzima mwenye kazi yake na kodi yake ya nyumba, anamwambia mama yake kwamba watalipa hela wakalale mahali ambapo hakuna hata mtu mmoja anayewafahamu.

"Huko tuna nani?" aliuliza.

"Hatuna mtu, mama. Ndiyo raha yake."

Nilisikia akimgeukia jirani na kumwambia kwamba mwanaye wa Dar kazi zimemzidi.

Hata hivyo alikuja. Alipanda treni ya SGR, ambayo ilianza kufika Dodoma Julai 2024 na ambayo mama anaisifu kwa kuwa inaondoka kwa saa iliyoandikwa, na kuilaumu kwa kuwa haisimami Dumila mtu akanunua nyanya. Aliteremka na karanga, mlenda wa kukausha, na daftari la kaunta lenye jalada gumu. Daftari hilo ndilo lililoniponza. Usiku uleule, baada ya chakula, alifuta meza, akaomba rula, akachora safu: Mahali, Nauli, Hali ya Hewa, Usalama, Wenyeji, Jumla. Akatoa kalamu nyekundu mkobani. Nilipochungulia nikaona safu ya Wenyeji peke yake ina alama arobaini kati ya mia. Nikamwuliza mbona mandhari haina safu. Akasema mtahiniwa hatungi mtihani.

Mtahiniwa wangu wa kwanza alikuwa Zanzibar. Nilikuwa nimemwandaa vizuri. Nilimwonyesha mama picha za Paje kwenye simu, mchanga mweupe pe, minazi imeinama, akina mama wa mwani kwa mbali na kanga zao. Aliisogeza simu, akaikuza picha kwa vidole viwili, akaitazama kwa muda.

"Bahari iko wapi?"

Nikamweleza kwamba upande ule wa mashariki maji yakipwa yanarudi nyuma mbali sana, na yatajaa tena baada ya saa chache.

"Kwa hiyo unalipia siku nzima, na bahari inakuja jioni kama mwalimu wa tuisheni."

Halafu akawaona wazungu waliolala juani. Akauliza wanatafuta nini pale, maana yeye jua amelikimbia kwa mtandio maisha yake yote na bado linamkuta. Pengine ningempata kwenye chakula, pweza wa nazi si mchezo, lakini likaja suala la boti. Mama amezaliwa Dodoma. Maji makubwa aliyoyajua utotoni ni bwawa la Hombolo, nalo halina mawimbi ya kumsumbua mtu. Jirani yangu wa mlango wa pili, aliyekuja kuazima chumvi na kukaa saa nzima, akaona hapo ndipo pa kutueleza jinsi kusi linavyovuma Julai, jinsi wahudumu wanavyopita wakigawa mifuko ya kutapikia, na jinsi yeye alivyotumia wake na wa mtu wa pembeni. Kalamu nyekundu ikaandika 38, na kwenye maoni: "Ajitahidi zaidi."

Serengeti haikuchukua muda. Kiingilio kwa raia si tatizo. Tatizo lilikuwa gari na malazi, na bei za malazi kule zilikuwa zimeandikwa kwa dola, jambo ambalo mama aliliona ni utovu wa adabu ndani ya nchi ya watu. Nikajaribu kumtamanisha na nyumbu wanaovuka mto Mara kuanzia Julai, maelfu kwa maelfu, mamba wakiwangoja.

"Mimi nimevusha ng'ombe wa babu yako korongo likiwa limejaa," alisema, "na hakuna aliyekuja kunipiga picha."

Lushoto nilidhani ingepita bila kupingwa. Nauli ya basi si kubwa, matunda yapo, kijani tupu, na pale Irente unasimama ukingoni mwa jabali ukaiona nchi yote iliyo chini. Kosa la Lushoto ni kwamba ina historia, na ukimtajia mama kitu chenye historia lazima ukae chini usikilize. Akaniambia Wajerumani waliuita mji ule Wilhelmstal kwa heshima ya Kaiser wao, wakawa wanapanda kule kukimbia joto la pwani. "Mzungu anakwenda Lushoto kutafuta baridi ya kwao," alisema huku akijisugua magoti. "Mimi Mgogo nakwenda kutafuta nini? Na kwa nini nilipe nauli nikasimame ukingoni mwa jabali?" Akaandika 44. "Anaweza, ila ni baridi."

Wakati huo siri ilikuwa imeshavuja. Mama aliandika kwenye kundi la ukoo la WhatsApp ujumbe mmoja tu, wenye nukta na mikato yote mahali pake: "Binti yangu anataka kunipeleka mapumzikoni. Bado tunatafakari mahali." Kufikia asubuhi ukoo mzima ulikuwa unatafakari. Mjomba wa Tabora alisema kwake kuna chumba kitupu, na asali mbichi ipo. Mama mdogo wa Mwanza alipiga picha sato akiwa kwenye sinia, hakuandika chochote, akaacha sato aseme mwenyewe. Shangazi wa Kondoa alituma ujumbe wa sauti mrefu, mwanzoni akitusalimu mmoja mmoja kwa majina, katikati akikumbusha nani alimbeba nani mgongoni, na mwisho analia.

Mama akafungua daftari. Safu ya Wenyeji, Tabora, 40 kati ya 40. Ukijumlisha na usalama na hali ya hewa, Tabora ikawa na 71 na kuongoza darasa. Hapo ndipo nilipoanza kutoka jasho. Namheshimu sana mjomba, lakini ni mtu wa kukuuliza mbele ya wageni, kila asubuhi, kabla hujapiga mswaki, utaolewa lini. Niliiona likizo yangu yote ikiishia kwenye kigoda ukumbini kwake, nikichambua mchele na kujieleza.

Kilwa niliitaja kwa kukata tamaa. Nilikuwa nimesimama jikoni, mgongo umemwelekea, nikasema tu, "Au basi twende Kilwa." Sikusikia jibu. Nilipogeuka nikamkuta ameweka kalamu chini.

Mtu huyu ameifundisha Kilwa miaka yote ya kazi yake. Hata mimi alinifundisha, kidato cha pili B, na alinichapa kwa sababu yake. Dhahabu ya Sofala, Sultani al-Hassan bin Suleiman, Ibn Battuta aliyefika mwaka 1331, Wareno walioingia 1505 na mizinga yao: vyote hivi amevitamka mbele ya ubao mara nyingi kuliko alivyotamka majina ya wanawe. Ramani ya kisiwa kile angeweza kuichora gizani. Na hajawahi kukanyaga. Akavuta daftari, akaandika "Kilwa" kwa mwandiko wake wa ubaoni, akajaza alama, kisha akafika kwenye safu ya Wenyeji na kukwama. Haki ni haki. Hatukuwa na mtu Kilwa. Mtahiniwa anafeli hivi hivi anaonekana.

Nilichosahau ni kwamba mwalimu akikosa ndugu mahali, ana mwanafunzi. Mama alivaa miwani, akapekua simu, akapiga. Aliyepokea ni bwana mmoja wa halmashauri, mhasibu. Simu ilikuwa kwenye spika. "Shikamoo Mwalimu!" ikapigwa kwa sauti ya mchakamchaka, na kabla mama hajaitikia nilisikia kiti kikisukumwa nyuma, mtu mzima, pengine na kitambi chake, amesimama ofisini kuongea na simu. Mama akamwambia aketi. Wenyeji, 40.

Tuliondokea Mbagala Rangi Tatu alfajiri, tukavuka Rufiji kwenye Daraja la Mkapa huku mama akimweleza abiria wa kiti cha mbele foleni za kivuko zilivyokuwa kabla ya 2003, tukakata kona ya Nangurukuru na kuingia Kilwa Masoko. Chumba nilikuwa nimeshakilipia: vitanda viwili, baraza linalotazama bahari, na bwawa la kuogelea ambalo kwenye picha lilikuwa la buluu. Hatukukiona. Mhasibu alikuwa stendi na mkewe na watoto wote wamepangwa kwa urefu, na nilipotaja neno hoteli alinitazama kama niliyemtukana. "Dada, Mwalimu alale hotelini na mimi nipo hai?" Mwenye hoteli hakurudisha hata senti. Tukalala chumba cha mtoto wa darasa la sita, na niliposhtuka usiku wa manane nikaona taa inawaka: mama amekaa mezani, kalamu nyekundu mkononi, anapitia madaftari ya mwenye chumba.

Asubuhi tukaenda kuchukua kibali, tukateremka gatini. Mashua ilikuwa inarukaruka kwa kusi. Nikamkumbusha mama habari za jirani na mifuko. Akavua viatu, akavishika mkononi, akaingia majini mpaka kwenye mashavu ya miguu, akapanda kabla yangu. "Ile ni safari," alisema. "Hii ni kuvuka tu."

Kijana wa kutuongoza alianza vizuri. Akatuonyesha Gereza na kusema lilijengwa na Wareno. Mama akakohoa. Akamwambia polepole kwamba Wareno walianza, ni kweli, lakini sehemu kubwa ya kinachosimama pale ni kazi ya Waomani waliokuja baadaye. Kijana akasema, "Sawa, mama." Kwenye Msikiti Mkuu mama akamgawia karne: sehemu ya zamani ni ya 11, upanuzi wa 14. Kijana akasema, "Sawa, Mwalimu," akatoa simu na kuanza kuandika. Familia iliyokuja na mashua nyingine ikasogea karibu, kisha ikahamia kwetu moja kwa moja. Tulipofika Husuni Kubwa, mama, aliyekuwa na magoti mabovu Lushoto, alikuwa mbele ya wote. Alisimama ukingoni mwa bwawa la Sultani, lile la pembe nane, akalizunguka lote.

"Karne ya 14," alinigeukia, "mtu ana bwawa lake na anatazama bahari. Na wewe lako umelilipia lina maji?"

Kisha akawaeleza habari za sarafu za shaba za Kilwa zilizookotwa mwaka 1944 kwenye kisiwa kimoja kaskazini mwa Australia, akauliza nani anaweza kukisia zilifikaje, akangoja mikono inyooshwe. Ilinyooshwa. Mmoja aliyenyoosha ni kijana mwenyewe wa kutuongoza.

Gatini nilitoa pochi nimlipe. Nilikuwa nimeshahesabu kichwani kwamba kazi kafanya mama na hela inakwenda kwa mwingine, na sura yangu, nadhani, ilionyesha. Mama akanivuta pembeni.

"Mwongezee elfu tano," akasema. "Kasikiliza kuliko kidato cha pili B yote."