Salamu kutoka Dimbwini

Shangazi, Baba Mdogo, na wote mlioko Mwanza,

Huku hatujambo, na mvua nayo haijambo. Mmeuliza inakuwaje Waingereza, watu wanaonyeshewa tangu utotoni, bado wanatoa nauli kwenda kutazama maji. Swali hilo lina jibu, ila ni refu kuliko ujumbe wa simu, ndiyo maana naliandikia barua.

Naanza na vipimo, kwa kuwa Baba Mdogo haamini jambo lisilo na tarakimu. Kaskazini-magharibi mwa England kuna sehemu yenye milima na maziwa iitwayo Lake District, na ndani yake kuna ziwa Grasmere. Urefu wake ni kilomita moja na nusu hivi, na eneo lake halifiki hata kilomita moja ya mraba. Ziwa letu, Victoria, lina kilomita za mraba 68,000 na ushei. Ukitaka kulijaza kwa Grasmere, utazihitaji zaidi ya laki moja, na bado samaki watalalamika kwamba pamebaki wazi. Windermere, ziwa kubwa kuliko yote England, lina kilomita za mraba 15 tu. Kisiwa chetu cha Ukerewe kingelifunika zaidi ya mara 30. Kwa macho ya mtu wa Kirumba, hapo Mwanza, haya ni madimbwi. Lakini katika Lake District nzima, ambayo ni hifadhi yenye wakazi wapatao 40,000, huja wageni takriban milioni 18 kwa mwaka. Na kuna jambo moja lazima nilikiri, ingawa litawauma: ziwa lao liitwalo Wastwater lina kina kinachokaribia mita 80, ambacho ndicho kina cha Victoria penye kina kirefu kabisa. Wao wana kikombe, sisi tuna sinia.

Hata kwenye majina wamejitatiza. Neno “mere” katika Kiingereza cha kale lilikuwa na maana ya ziwa, kwa hiyo anayesema “Lake Windermere” anasema Ziwa la Ziwa. Wajuzi wa huko hukuambia, tena kwa fahari, kwamba katika wilaya nzima ya maziwa ni moja tu lenye neno “Lake” katika jina lake rasmi, nalo ni Bassenthwaite. Msicheke sana. Nyasa nayo maana yake ni ziwa, na Nyanza vilevile, nasi tunasema Ziwa Nyasa bila kona ya mdomo kutetemeka.

Sasa hoja yangu. Kinachowaleta watu hapa si maji. Ni upenyo. Kuzunguka Grasmere na jirani yake Rydal Water kuna njia za miguu, na sehemu kubwa ya njia hizo inapita kwenye ardhi ya watu. Mwenye ardhi yupo, hati anayo, kondoo wake wanakutazama kwa dharau. Lakini njia si yake kuifunga. Sheria ya mwaka 1949 iliziagiza halmashauri zichore kwenye ramani kila njia ambayo umma una haki ya kuipita, na njia ikishaingia kwenye ramani hiyo, shamba linaweza kuuzwa mara kumi na haki ya mpita njia ikabaki palepale. Kati ya Rydal na Grasmere kuna njia inayoitwa Njia ya Majeneza. Zamani, kijiji kisichokuwa na makaburi kiliwabeba marehemu wake kwa mabega mpaka kanisa la Mtakatifu Oswald pale Grasmere, na kando ya njia yamebaki mawe bapa ambayo waliobeba walitulizia jeneza ili wapumue. Leo wanaokalia mawe hayo ni watalii wenye mkate na jibini. Marehemu walipita kwanza, walio hai wakafuata, na hakuna aliyethubutu kuweka kufuli.

Nawaelezea na geti, maana ndilo mwalimu wa somo hili. Njia inapokutana na ukuta wa mawe (kuta zinazosimama kwa kupangwa tu, bila chembe ya saruji) huwekwa geti dogo linalocheza ndani ya kizimba chenye umbo la nusu duara. Unalisukuma, unajibana kwenye kona, unalipitisha mbele ya tumbo lako, unatokea upande wa pili. Halina kufuli, kwa sababu halifunguki hasa: likiiacha nguzo hii, linaigusa ile. Mtu anapita, kondoo hapiti. Kondoo ana miguu minne na akili ya kwenda mbele tu, hana subira ya kujibana na kuzunguka. Wenyewe wanaliita geti la busu. Wengine wanasema ni kwa kuwa linaigusa nguzo kidogo na kuiachia, wengine wanasema aliyetangulia hamruhusu wa nyuma mpaka alipwe busu. Shangazi atachagua tafsiri inayomfaa. Mimi naliona kama suluhu iliyoundwa kwa bawaba: mfugaji amelinda mifugo yake, mpita njia amepita.

Najua mtanijibu kwamba ziwa la Grasmere limekuzwa na washairi. Ni kweli mshairi Wordsworth aliishi Grasmere kuanzia 1799, akazikwa hapo mwaka 1850, na kwa kalamu yake mlima wa wastani ukawa mkubwa. Hata kitabu cha kuwaongoza wageni aliandika. Lakini mwaka 1844, uliposikika mpango wa reli ya kwenda Windermere, ni yeye yuleyule aliyeandika magazetini kuipinga, akihofia makundi ya wafanyakazi kutoka miji ya viwanda. Aliwakaribisha wageni, mradi wasije. Reli ilifika 1847, na wafanyakazi wakafika nayo. Tena kama dawa ingekuwa waandishi, Ukerewe pangejaa watalii tangu siku nyingi: Aniceti Kitereza alimaliza mwaka 1945 riwaya yake ndefu ya Kikerewe kuhusu Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, ikachapishwa kwa Kiswahili mwaka 1980. Kalamu tunayo.

Mtasema pia kwamba ziwa la huku halina mamba, kiboko wala kichocho. Mnyama mkali kuliko wote ni bata bukini mwenye watoto. Nakubali yote. Ila wengi wa wageni hao hawaingii majini kabisa, kwa kuwa maji yana baridi ya kukusahaulisha majina ya mababu. Wanazunguka ukingoni, wanalowa kwa mvua (Seathwaite, kijiji kimoja cha huko, hupata zaidi ya milimita 3,000 kwa mwaka, watu wa Tukuyu watanielewa), kisha wanakunywa chai. Mamba hazuii njia iliyo juu ya ukingo. Kinachoizuia ni ukuta wa mtu.

Pingamizi lililobaki ndilo zito: sisi tuna sheria. Kweli, Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kibinadamu zenye madhara ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Ni sheria njema. Lakini isomeni vizuri: inasema nini kisifanyike; haisemi nani apite. Mita sitini ambazo hakuna njia ya kuzifikia ni zawadi kwa mwenye kiwanja aliye mbele yake. Huku nako haki ya kupita haikushuka na mvua. Mwaka 1932 mamia ya vijana wa viwandani waliingia kwa makusudi kwenye mlima wa Kinder Scout, uliofungwa kwa ajili ya matajiri kuwinda ndege, na baadhi yao wakafungwa jela.

Wala sidai kwamba wamefika peponi. Windermere huota mwani wa kijani kwa sababu ya majitaka na mbolea, kama sisi tunavyosumbuliwa na gugumaji, na nyumba za vijijini zimepanda bei kwa kununuliwa na watu wanaozilalia wiki mbili kwa mwaka. Umati una gharama zake. Ila gharama hizo zinajadiliwa kwa kelele kwa sababu mamilioni wameukanyaga ukingo wake na kila mmoja anajiona ana hisa. Ziwa lisilofikika hudhulumiwa kimyakimya.

Ndiyo sababu, Baba Mdogo, niliposikia unajenga ukuta kwenye kiwanja chako cha kule ziwani, kutoka kona hadi kona, nikaona niandike kabla zege halijakauka. Nakutumia mchoro wa geti. Fundi yeyote wa kuchomelea pale Kirumba analiweza, ni mabomba machache na bawaba mbili, na mbuzi wa jirani hawatapita. Upana wake upimwe kwa beseni la dagaa la Shangazi, likiwa limejaa.

Wenu,
wa Dimbwini