Muulize Shangazi: Barua Zimebaki kwa Meneja

*Shangazi, shikamoo. Nina nyumba ndogo ya wageni hapa Kiyovu, Kigali. Meneja wangu aliacha kazi mwezi wa tano, lakini kompyuta ya mapokezi iliendelea kunikaribisha kila asubuhi kwa jina lake. Nikachoka, nikamwomba mpwa wangu anifungulie akaunti yangu. Akafungua. Sasa nikibofya Thunderbird, programu yetu ya barua pepe, inaniuliza mimi ni nani, na barua za wageni tangu mwaka 2013 hazionekani. Mpwa anasema tufute akaunti ya meneja, labda zitarudi. – Mama Mwenye Nyumba*

Marahaba, mama. Kwanza mwondoe huyo kijana kwenye kiti. Kufuta akaunti ya mtumiaji na data yake kwenye Windows ni kufuta kila kitu alichohifadhi humo. Mashine yenyewe hukuonya kabla, ila vijana hawasomi maonyo, wanabofya tu.

Barua zako hazijapotea, ziko kwa meneja. Windows humpa kila mtumiaji kiwanja chake ndani ya folda ya Users, na viwanja hivyo viko kama vya Kiyovu: ukuta mrefu, geti limefungwa, jirani hajui jirani amepika nini. Programu ya Thunderbird ni moja kwa kompyuta nzima, lakini barua, anwani na nywila kila mtu ana zake, ndani ya ukuta wake.

Sasa ingia kwa akaunti ya meneja (nywila unayo, natumaini, kama aliondoka nayo, hayo ni mazungumzo mengine) uangalie mipangilio ya seva. Ukikuta neno IMAP, umepona. Barua ziko kwenye seva. Rudi kwenye akaunti yako mpya, andika anwani ya nyumba ya wageni na nywila yake, kanywe chai, zitashuka zenyewe. Zitakazobaki nyuma ni zile tu meneja alizoziweka kwenye folda za ndani ya kompyuta, maana hizo seva haizijui.

Ukikuta POP, usinywe chai bado. POP hushusha barua kwenye diski, na mara nyingi, kwa jinsi inavyopangwa, huzifuta kwenye seva. Wafanyabiashara wa mjini waliokuwa na anwani za barua pepe za rwanda1.com watanielewa: ulichonacho ni kile kilichoshuka, basi.

Ukiwa bado kwenye akaunti ya meneja, funga Thunderbird kabisa. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika %appdata%, kisha Enter. Kama kibodi yako ni ya Kifaransa, alama ya asilimia iko kwenye kitufe cha ù, bonyeza pamoja na Shift. Utaona folda iitwayo Thunderbird. Chungulia ndani ya Profiles, kisha Mail, utakuta faili linaloitwa Inbox, halina nukta wala herufi tatu mwishoni. Hilo ndilo lenyewe: miaka yote ya wageni wanaouliza kama maji ya moto yapo, barua baada ya barua, katika faili moja refu. Jirani yake mwenye .msf ni faharasa tu, likipotea programu hutengeneza jingine. Watu wengi hubeba .msf kwa sababu lina herufi mwishoni, wakaacha mzigo.

Nakili folda nzima ya Thunderbird, uibandike kwenye C:\Users\Public, uwanja wa wote. Nimesema nakili. Ukiikata na kuihamisha, mafaili yanaweza kwenda na ruhusa za mmiliki wa zamani, ukafika kwako ukaambiwa huruhusiwi kusoma barua za biashara yako. Kisha ingia akaunti yako, fungua Thunderbird mara moja na kuifunga, nenda tena %appdata%, ondoa folda mpya tupu na uweke ile uliyoleta. Fungua. Barua zikionekana, weka nakala nyingine kwenye flashi, halafu futa ile ya Public, kwa sababu kila anayeingia kwenye kompyuta hiyo anaweza kuisoma.

Jambo moja mpwa hakulifikiria: umebeba pia nywila alizohifadhi meneja, na pengine barua zake binafsi. Mwite achukue zake. Na kama ndani ya barua hizo kuna pasipoti za wageni zilizopigwa skani tangu 2013, za nini bado? Rwanda ina sheria ya kulinda data binafsi tangu Oktoba 2021, na nyumba ndogo ya wageni nayo imo.

*Shangazi, sisi tulitolewa Kiyovu cy'abakene (Kiyovu ya maskini) mwaka 2008 tukapelekwa Batsinda, kwa hiyo kuhama nakujua. Ila Outlook imenishinda. Nimenakili faili la .ost hadi akaunti yangu mpya, halifunguki. – Mhamaji*

Halitafunguka. Faili la .ost ni nakala ya kilicho kwenye seva, na limefungamana na akaunti iliyolizaa. Rudi kwenye akaunti ya zamani, utoe barua zako kama .pst, hilo hubebeka. Kama Outlook yako ni ya kabla ya 2003, angalia ukubwa: .pst za wakati ule hazikutakiwa kuzidi GB 2, na zikizidi huharibika. Kuanzia Outlook 2010 kikomo cha kawaida ni GB 50. Huna barua za kujaza hizo, hata ukihesabu matangazo.

*Shangazi, mke wangu ana akaunti yake kwenye laptopu yetu ya nyumbani. Naomba hatua za kuhamishia barua pepe zake kwenye akaunti yangu, bila kumsumbua. – Mume Mwenye Upendo, Kiyovu*

Bila kumsumbua! Sheria ya makosa ya mtandao ipo nchini tangu 2018, na kuingia kwenye data ya mtu bila idhini yake ni kosa, hata kama mnalala kitanda kimoja. Hatua ziko hapo juu, lakini ni za Mama Mwenye Nyumba. Wewe ruka aya hizo. Mkeo naye aliniandikia wiki iliyopita, akiuliza namna ya kubadilisha nywila. Nilimjibu siku ileile.