Jaribu Uone

Kwa Kizaramo, Gezaulole maana yake ni "jaribu uone". Mwalimu mmoja wa hesabu, anayefundisha sekondari upande wa Temeke, aliambiwa hivyo siku alipokwenda huko Gezaulole, Kigamboni, kununua kiwanja. Alicheka sana. Mkewe hakucheka.

Hakuwa peke yake katika mbio za viwanja. Zamani mtu wa mjini aliyetaka kwenda Kigamboni alipanga foleni ya pantoni pale Magogoni, au alizunguka Kongowe hadi nauli ikamwishia. Gezaulole yenyewe, iliyowahi kuwa kijiji cha Ujamaa, ilipimwa viwanja katika Mradi wa Viwanja 20,000 ulioanza mwaka 2002, lakini wengi waliovipata waliviachia nyasi. Aprili 2016 likafunguliwa Daraja la Nyerere pale Kurasini, mita 680 tu za kuvuka maji, na ghafla kila mwenye akiba kibubuni akajiita mwenye kiwanja. Sensa ya 2012 iliwakuta watu 4,364,541 Dar es Salaam. Ile ya 2022 ikawakuta 5,383,728. Zaidi ya watu milioni moja wameongezeka, na kila mmoja anataka sebule yake.

Mchoraji ramani alitaja bei. Mwalimu akaigawa kwa bei ya mfuko wa saruji, akaona ni wizi, akachora mwenyewe kwenye karatasi ya grafu. Vyumba vitatu, kimoja masta, sebule yenye dirisha kubwa linalotazama barabara, jiko nyuma. Vipimo vyote vilikuwa na desimali mbili. Kitu kimoja tu hakukiandika: barabara iko upande gani.

Fundi alipatikana kwa njia wanayopatikana mafundi wengi wa Dar: alikuwa shemeji wa jirani.

Wakaanza na tofali. Mwalimu alishauliza huku na huku: mfuko mmoja wa kilo 50 unatoa tofali 30 za inchi sita. Anataka tofali 2,000, kwa hiyo mifuko 67.

"Hiyo ni hesabu ya darasani, mwalimu," fundi alimwambia kwa upole. "Huku kuna mchanga, kuna jua, kuna vijana."

Vijana walikula mifuko minane ya ziada. Hakuna aliyeeleza jinsi walivyoila.

Tangu hapo simu ya fundi ikawa na saa zake, kama adhana. Jumatatu asubuhi, mwalimu yumo darasani anafundisha kipeo cha pili: kokoto zimepungua. Jumatano, binding waya imeisha. Ijumaa, lori la mchanga limenasa, vijana wa kulisukuma wanataka hela ya soda. Mwalimu alijifunza kwamba zege likishamwagwa hunyweshwa maji kwa siku saba, na maji yenyewe hununuliwa kwa boza. Mtoto wake wa mwisho alikunywa juisi siku ya sikukuu tu. Linta ilikunywa kila siku.

Kwenye msingi alifika mara mbili. Alizunguka, akakunja mikono nyuma, akasema, "Vizuri." Msingi kwa asiyeujua ni mitaro tu, na mitaro yote inafanana.

Kisha ukaja msimu wa mitihani ya kidato cha nne, hakuonekana wiki sita. Aliporudi, boma lilikuwa limesimama hadi kozi ya tisa. Akaingia, akasimama mbele ya uwazi mkubwa wa dirisha.

"Fundi, hili ni dirisha la wapi?"

"La sebule, mwalimu. Kama ulivyochora."

"Mbona linatazama choo cha jirani?"

Fundi akatoa karatasi ya grafu mfukoni, imeloa jasho. Akaitazama, akaizungusha, akaitazama tena. "Mwalimu," alisema, "karatasi yako haikuwa na barabara."

Kubomoa kungekula mshahara wa miezi minne. Mkewe alikwenda kujionea, akasimama jikoni, pale barabarani kabisa, akasema neno moja tu: "Gezaulole." Alitamka taratibu, kila silabi na haki yake.

Fedha zikakatika. Boma lilipigwa na masika mbili; ndani ya masta ikaota mipapai, na jirani mwenye choo akawa anafunga mbuzi wake sebuleni, akieleza kwamba anamlindia mwalimu asivamiwe. Mbao za kenchi zilinunuliwa kwa mchezo wa kupeana wa walimu, mabati kwa mkopo wa SACCOS. Familia ilihamia madirisha yakiwa bado turubai, kwa sababu kodi ya Temeke haikujua kungoja aluminiamu.

Leo mgeni wa mwalimu hupokelewa jikoni, hukabidhiwa kipande cha muhogo kabla hajasalimia, na wengi wameacha kuuliza. Mwezi uliopita fundi alimleta mteja mpya aone kazi yake.

"Hii ndiyo ramani ya kisasa," alisikika akisema nje. "Mgeni anaanza na chakula."

Mteja aliipenda, akaomba karatasi ile ya grafu. Mwalimu hakuwa na kinyongo. Akachukua kalamu nyekundu, akachora barabara pana upande wa jiko, akaandika BARABARA kwa herufi kubwa, akamkabidhi fundi.

Fundi akaipokea kwa mikono miwili, akaitazama kwa makini, kisha akaigeuza juu chini.