Msumeno na Kisu cha Mpanda Mwembe

Msumeno wa kazi ya juu ya mti ni ule unaokata ukivutwa, si ukisukumwa. Wanaosema msumeno hukata mbele na nyuma huenda wako sahihi kuhusu sheria, lakini hawajakalia tawi la mwembe dodo wakiwa na msumeno wa seremala. Msumeno huo hukata zaidi unapokwenda mbele, kwa sababu seremala ana meza, ana jiriwa ya kubania mbao na ana miguu miwili sakafuni. Aliye juu ya mwembe mkono wake mmoja umeshika tawi na goti limekumbatia shina, na kila akisukuma msumeno, anayerudi nyuma ni yeye. Bapa jembamba likinasa kwenye mti mbichi hupinda, na likishapinda limekwisha. Litaimba vizuri sana, ila halitakata.

Hata hivyo, huo ndio msumeno anaoutoa mwenye nyumba. Ana mwembe ulioegemea mabati, ana msumeno uliosahauliwa na fundi wa dari, na anaamini kwamba Mungu mwenyewe ndiye aliyevikutanisha. Usipoonekana, huletwa msumeno wa chuma, ambao meno yake madogo hujaa unga kabla hata ya kulivuka gome. Huo nao ukikosekana, panga. Panga lina heshima yake shambani, lakini hutaka nafasi ya kurusha mkono na miguu iliyosimama imara, na juu ya mti vyote viwili ni adimu. Likidunda kwenye tawi kavu hujichagulia lenyewe pa kwenda, na pa karibu huwa ni kamba au goti. Afadhali liponyoke tu. Hata hapo, chini kuna bata, kuna ndoo ya maji, na kuna jirani aliyesema amekuja kutazama.

Msumeno unaofaa una bapa lililopinda kidogo kwa ndani, ili kila ukivutwa ujizamishe wenyewe kwenye tawi bila kukandamizwa. Kwa matawi ya unene wa kifundo cha mkono hutosha msumeno wa kukunja, wenye bapa la sentimita 18 hadi 24 na komeo la kulizuia lisijifunge juu ya vidole. Kwa matawi mazito zaidi hufaa bapa lisilokunjwa la sentimita 30 hadi 33. Linalozidi hapo ni la kujionyesha, na hukwama kwenye kila kijitawi njiani. Meno yawe makubwa na yaliyoachana ikiwa mti ni mbichi, maana unga wake una unyevu na unataka pa kutokea. Mti mgumu uliokauka, mvinje kwa mfano, huhitaji meno madogo zaidi.

Misumeno mingi ya siku hizi ncha za meno yake zimekomazwa kwa moto hadi zikabadilika rangi. Hudumu na makali muda mrefu, lakini tupa haiyawezi. Fundi wa kunoa sokoni atapokea kazi kwa moyo mkunjufu, atasugua hadi alasiri, na kitakachonolewa ni tupa. Kwa hiyo swali la kwanza dukani ni kama bapa la akiba linapatikana. Mwenye duka huwa na methali tayari kwa mteja wa maswali mengi: mchagua jembe si mkulima. Ajibiwe kwa adabu kwamba jembe likivunjika, mkulima bado yuko ardhini.

Ala ndiyo inayosahauliwa na wanunuzi, na ndiyo iliyoleta vituko vingi. Kwenye miembe na mikorosho ya pwani huishi maji moto, wale chungu wanaoshona majani mabichi kuwa viota kwa nyuzi za viluwiluwi vyao. Wakulima wa minazi wana sababu ya kuwapenda, kwani huwawinda kunguni wanaofyonza nazi changa. Mpanda mti halazimiki kushiriki mapenzi hayo. Tawi likitikiswa kidogo tu, ukoo mzima hutoka kuulizia kulikoni, na huingilia kwenye mikono ya shati. Msumeno usioweza kurudi alani kwa mkono mmoja, bila kutazamwa, hapo hutupwa chini, na jirani yuleyule bado yupo. Wapo wanaoufunga kwa kamba kiunoni ili usianguke. Kweli hauanguki, hugeuka tu na kumtafuta mwenyewe pajani. Ala ngumu iliyofungwa kwenye paja, yenye mdomo mpana, huondoa fedheha zote mbili.

Utomvu wa mwembe nao hukauka juu ya bapa ukawa gundi, na kitambaa chenye mafuta ya taa ndicho kiutoacho. Ngozi nayo huwashwa na utomvu huo, kwa hiyo asiyevaa glavu ajizuie kujifuta jasho usoni, jambo ambalo maji moto hawamwezeshi.

Kisu ni habari nyingine. Pwani ina kisu chake cha mtini tangu zamani, nacho ni kotama ya mgema, kisu kilichopinda na kikali cha kuchanjia karara la mnazi asubuhi na jioni ili tembo litiririke. Kwa kazi hiyo hakina mpinzani. Lakini mgema hupanda kwa vidato vilivyochongwa shinani, na mara nyingi hana kamba ya kuikata. Aliyejifunga kamba akabeba kotama mkandani amepanda na wembe uchi kando ya uhai wake. Kamba iliyobeba mtu haihitaji kukatwa, huguswa tu ikaachia yenyewe. Ndiyo maana mwenye busara hujifunga kamba ya pili kabla ya kuchomoa makali yoyote.

Kisu cha aliye kambani kiwe kifupi, cha kukunja, chenye ncha butu isiyodunga, na nusu ya makali yake iwe na meno madogo ya kukatia nyuzi. Kifungwe kwa kijikamba, na kifunguke kwa mkono mmoja, hata wa kushoto, hata ndani ya glavu. Kinachohitaji kufunguliwa kwa meno kirudishwe dukani. Kazi yake rasmi ni kukata ugwe, kuondoa kamba ndogo zilizojisokota, na kuikomboa shati iliyonaswa. Kazi yake halisi, kuanzia Novemba embe zinapoiva, inajulikana na kila mtu, na ndiyo inayojaza sukari kwenye bawaba hadi siku ya dharura kisu kigome kufunguka. Kioshwe kwa maji ya moto na kitiwe tone la mafuta kila baada ya karamu.

Tawi likiwa limegusa waya wa umeme, hakuna cha kuchagua. Tawi bichi hupitisha umeme, na msumeno hupitisha zaidi. Liitwe shirika la umeme, na mpanda mti abaki chini pamoja na jirani.