Sifa za Lenzi Pana

Watu husifu simba, husifu wali wa nazi, husifu hata wabunge wakishazikwa. Mimi leo nasifu lenzi pana, ile yenye uso wa kioo uliobenuka, ambayo nimeizungusha Tuala na Kitengela hadi ukanda wake ukanichubua shingo. Mafundi wa picha huisema vibaya: inapinda kuta, inanenepesha watu, inadanganya. Hao hawana shukrani. Katika Kaunti ya Kajiado sijaona chombo kilichowafaa wengi kuliko hiki.

Tuanze na ukoo, kwa kuwa mtukufu hasifiwi bila nasaba. Mwaka 1900 kampuni ya Goerz ya Ujerumani ilitoa Hypergon, lenzi iliyomeza pembe ya nyuzi 135 hivi. Tatizo ni kwamba katikati ya picha kulijaa mwanga na kingo zikabaki gizani. Wajerumani wakaweka mbele yake kifeni chenye umbo la nyota, kikazungushwa kwa hewa ya mpira unaominywa ili kizibe mwanga wa katikati. Mtoto wa ukoo huu alipepewa tangu kuzaliwa, heshima ambayo kwetu walipewa masultani. Lenzi yangu ni ya milimita 14, inaona nyuzi 114, na upepo wa Tuala huipepea bure, vumbi likiwa nyongeza. Jua likiingia kwenye picha, kila chembe iliyokaa juu ya kioo nayo hung'aa na kudai nafasi yake.

Sifa ya kwanza ni ukarimu. Lenzi ya milimita 50 huona nyuzi 47 tu. Ni bahili, humchagua mmoja na kuwafungia wengine nje. Hii yangu, nikiielekeza kwenye duka la mabati, humwalika pia punda wa mkokoteni wa maji, nguzo ya stima na nyaya zake, bango la mkutano wa injili, vijana wa bodaboda wanaouliza picha ni ya gazeti gani, na ncha za viatu vyangu.

Sifa ya pili ni haki. Huwashusha wenye vyeo na kuwakweza wanyonge. Milima ya Ngong, yenye kimo cha mita 2,460 hivi juu ya bahari, katika picha zangu ni mkunjo mdogo wa upeo wa macho. Ng'ambo ya Mbuga ya Taifa ya Nairobi, jengo la Britam la Upper Hill, mita 200 hivi, limekuwa njiti. Lakini kuku aliyekuja kudonoa karibu na kioo ametoka na kifua cha mbuni, na jiwe la barabarani limepata hadhi ya mlima. Hata kwenye picha ya harusi lenzi hutoa funzo: shangazi aliyesimama pembeni kabisa hutanuliwa mabega, na aliye katikati hubaki na umbo alilopewa na Mungu. Wanasiasa wetu walilijua hili zamani, ndiyo maana hupigania katikati.

Hayo yote ni utangulizi. Utukufu wake hasa uko kwenye ploti. Huku kwetu ploti huuzwa kwa kipimo cha futi 50 kwa 100, na dalali huiita thumuni ya eka. Thumuni kamili ya eka ni futi za mraba 5,445. 50 mara 100 ni 5,000. Futi 445 zimekwenda wapi? Usihangaike kuzitafuta, lenzi pana huzirudisha na faida. Dalali huchuchumaa kwenye bikoni moja ya mpaka wa ploti, akaishusha kamera karibu na nyasi. Kilicho karibu hukua, kilicho mbali hukimbia, na bikoni ya pili huonekana imekaribia Namanga. Ukiuliza lami iko wapi, hubadilisha lenzi. Huchukua ile ndefu, inayovuta vya mbali, na barabara huja kusimama nyuma ya ua wa ploti. Dakika tano tu, mzee!

Wema wake haukomi hapo. Mbuga ya Taifa ya Nairobi, iliyoanzishwa 1946 ikiwa na kilomita za mraba 117, haina ua upande wa kusini. Nyumbu walizoea kuvuka Mto Mbagathi wakati wa mvua na kusambaa katika nyanda za Kitengela. Ranchi ya jamii ikagawanywa miaka ya 1980, ploti zikazaa ploti, seng'enge zikaota. Kuanzia 2000 kulikuwa na mpango wa kuwalipa wenye ardhi dola 4 kwa eka kila mwaka wasizungushe ua. Lenzi yangu hufanya kazi hiyo bila malipo: seng'enge hukonda hadi zikapotea, nyumba hubaki nukta, na uwanda wote hurudi ulivyokuwa. Aliyekosekana pichani ni nyumbu tu, kwa sababu seng'enge hazijampotea yeye.

Basi wewe uliyeko Doha, Dallas au Donholm, ukitumiwa picha ya ploti ya Tuala iliyonyooka hadi mwisho wa dunia, ifurahie na uitundike ukutani. Kabla ya kutuma hela, mtume kwanza ndugu yako mwenye miguu atembee kutoka bikoni hadi bikoni, kisha apite kwa msajili wa ardhi akapekue hati. Futi 100 ni kama hatua 40 za mtu mzima. Zikipungua, usilipe.